Mzungu wa Alois

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wageni wachache waliobaki Tabora walikutana kunywa kahawa barazani kwa Mbelgiji mmoja mtaalamu wa nyuki. Keki iliisha mapema. Kilichowachukua mchana kutwa ni habari za uhamiaji. Mmoja atasema faili lake limepotea mara ya tatu. Mwingine aliambiwa arudi Jumatatu, Jumatatu akaambiwa arudi Alhamisi. Daktari kijana wa Kiholanzi, mwenye miezi minane tu nchini, alikwisha kujua kwa nini nchi hii haitaendelea, na sababu zake zote zilianzia kwenye dirisha la kupokea fomu.

Wakishachoka kulalamika, Mama Bigita huweka kikombe chini, na wote hujua kinachokuja.

"Miaka arobaini na miwili," atasema, "na sijasumbuliwa hata siku moja. Ukimheshimu mtu, naye atakuheshimu. Ninyi mnaingia ofisini kwao mkiwa mmekunja uso. Mimi nimekuwa Mnyamwezi siku nyingi."

Aliamini kila neno, na tusimlaumu upesi. Alikuja mwaka 1981 kutoka Denmark, mkunga wa miaka ishirini na saba, jina lake Birgit, ambalo wazazi wa watoto aliowapokea hawakuona haja ya kuvunjia ulimi. Akawa Bigita. Alizalisha watu katika hospitali ya misheni mpaka akazalisha wajukuu wa aliowazalisha. Alipostaafu alijenga nyumba ndogo Ipuli, hapo Tabora, akafuga kuku, akaandika wosia wake kwamba azikwe hapohapo. Denmark alikwenda mara ya mwisho kumzika dada yake, akakaa siku kumi, akaona baridi na watu wasiosalimiana, akarudi.

Na kweli hakuwahi kusumbuliwa. Kila baada ya miaka miwili, kibali chake cha ukaazi kilipokaribia kwisha, alitia paspoti kwenye bahasha ya kaki, akatia sahihi pale palipowekewa alama ya kalamu, akamkabidhi Alois.

Alois alikuwa karani wa misheni, Mkatoliki aliyewatumikia Wamoraviani maisha yake yote, na hakuna upande uliomwona mwongo. Mtu mfupi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Aliondoka na bahasha, na baada ya wiki mbili, tatu, pengine sita, alirudi nayo pamoja na chupa ya asali. Alisema neno moja tu: "Wanakusalimu." Alipostaafu na kurudi kwao Tura, bado alipanda treni kuja kuichukua bahasha. Misheni ilipofunga mradi na mzungu wa mwisho wa ofisini kuondoka, Alois aliendelea vilevile.

Mwaka huu kibali kilikuwa kinaisha mwisho wa Machi. Januari Mama Bigita akapiga simu, haikupokelewa. Siku ya tatu akapigiwa na Getruda, binti wa Alois.

"Shikamoo, mama. Baba ametutoka jana jioni. Tunazika keshokutwa."

Alikwenda Tura kwa treni, kiti cha dirishani. Njia hiyo aliijua. Zamani wapagazi waliifuata kwa miguu kwenda pwani, pembe za ndovu begani. Naye aliifuata mara yake ya kwanza akija, mwaka ule wa uhaba wa sukari, akiwa na begi lenye mikasi na vitabu vya nyimbo. Alois ndiye aliyempokea stesheni ya Tabora. Alimwambia, "Karibu nyumbani," naye akadhani ni adabu tu. Miyombo ilipita dirishani, mizinga ya nyuki ya magome ikining'inia kwenye matawi, na kila kitu kilimuuma kwa utamu. Alilia mpaka karibu na Tura. Alimlilia Alois, na ndani ya kilio hicho kulikuwa na jambo dogo alilolionea aibu: nani sasa ataichukua bahasha?

Msibani walimpa kiti cha mbele, karibu na Levina, mjane. Katekista akasali, mambo yakaenda kwa utulivu. Jeneza lilipoinuliwa kwenda kaburini, mzee mmoja mrefu akajitupa chini katikati ya njia.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Mpagazi huyu haendi popote mpaka nimkague!"

Watu wakaanza kucheka, machozi bado mashavuni. Alikuwa mzee Fikiri, Mzaramo wa Kisarawe, aliyefanya kazi uhamiaji miaka mingi hadi kustaafu, na akabaki Tabora kwa sababu ya mke. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mmoja akifa, mwenzake huja kumchafulia msiba, na asipokuja, wafiwa hununa. Mama Bigita aliyajua hayo. Alikwisha kuyaona katika misiba mingi, na kila mara aliyafurahia kutoka kwenye kiti chake.

Mzee Fikiri akainuka, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akajikunja akawa mfupi, akabana gazeti kwapani kama bahasha. Alikuwa Alois mtupu. Hata Levina alijifunika mdomo kwa kanga.

"Shikamoo, afande," mzee akasema kwa sauti ya Alois. Kisha akaruka upande wa pili, akajibu kwa sauti yake mwenyewe: "Marahaba, mpagazi! Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe umebeba nini?"

"Nimebeba mzungu wangu, afande."

"Yuko wapi?"

"Yumo humu kwenye bahasha. Mwenyewe yuko leba, kuna mama anajifungua."

Kicheko. Mama Bigita naye akacheka, akatazama huku na huku, akifurahi kutajwa.

"Mwaka juzi alikuwa leba! Mwaka ule mwingine leba! Wanawake wa Unyamwezi wanazaa siku za kibali tu? Kaa kwenye benchi!"

Mzee Fikiri akakaa chini, akajikunyata, akahesabu siku kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne. Akasinzia. Akaamka, akala muhogo mkavu kutoka mfukoni. Akapanda treni ya kwenda Dar es Salaam akitikisika mabega, akashuka, akakaa kwenye benchi la huko pia, akafukuzwa, akarudi. Watu walikuwa hoi. Mama Bigita peke yake alikuwa ameacha kucheka. Hakupata kuuliza wiki zile sita zilikwenda wapi.

"Alois," mzee akasema sasa kwa sauti ya afande, "huyu mama amestaafu. Hayuko leba. Kwa nini haji mwenyewe kama wageni wengine?"

Akaruka upande wa pili, akapunguza sauti, akamwinamia afande asiyeonekana:

"Afande, usimwite. Akipanga foleni atajua kuwa ni mgeni."

Pakalipuka kicheko kikubwa kuliko vyote. Mzee Fikiri akamnyooshea kidole Mama Bigita. "Na huyu hapa! Mzigo wenyewe huu! Mpagazi amekufa njiani, mzigo umekaa kwenye kiti cha mbele!"

Mama Bigita alisimama. Masikio yalikuwa yanamwaka. Alipita katikati ya watu, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama penye masufuria ya wali. Hasira yake haikujua imshike nani. Fikiri, kwa kumdhalilisha mbele za watu aliowazalisha? Au Alois, kwa kumlea kama mtoto miaka arobaini na miwili? Akajiona barazani kwa Mbelgiji, kikombe mkononi, akiwafundisha wenzake heshima. Heshima ipi? Aliyeilipia kwa kulala kwenye mabenchi alikuwa mtu mwingine.

Levina alimfuata baada ya kuzika. Udongo ulikuwa bado kwenye viganja vyake.

"Umekasirika," alisema.

"Amenitukana, Levina. Siku ya kumzika Alois."

Levina alimtazama kama anayemtazama mtu aliyesahau jina lake mwenyewe. "Mama Bigita, miaka yote hii umehudhuria misiba yetu. Umewahi kumwona mtani akimgusa mgeni?"

Mama Bigita akatazama masufuria.

"Yule Mhindi wa duka la kanga alikuja kumzika jirani yetu Benjamini, alitaniwa? Mkuu wa wilaya alitaniwa? Mgeni anapewa soda na kiti. Mtani hamtanii mgeni, atamtania kwa lipi? Leo Fikiri amekuita mzigo wa Mnyamwezi, na wewe umeondoka. Watu wamenyamaza. Hawajui wakuweke wapi."

"Lakini aliyosema ni kweli? Alois alisema hivyo?"

"Alisema. Na alichoka pia, nisikufiche. Mwanangu wa tatu nilimzaa yeye yuko Dar kwenye benchi lako. Wewe ndiye ulinizalisha, ukaniuliza mume wangu yuko wapi, nikakwambia amekwenda kuangalia shamba."

Mama Bigita akakumbuka. Alikuwa amesema, "Wanaume hawa!" na Levina, katikati ya uchungu, alitabasamu. Akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akamshika mjane mkono wenye udongo, akasema pole, kisha akasema nisamehe. Levina alisema chakula kinapoa.

Jumatatu iliyofuata Mama Bigita alikwenda uhamiaji mwenyewe. Alifika saa moja na nusu asubuhi, akakuta watu wameshamtangulia. Askari wa mlangoni alipomwona, mvi na fimbo, akamwambia, "Mama, pita mbele." Akasema hapana, yuko nyuma ya huyu. Huyu alikuwa Spesioza wa Ulyankulu, mwanamke aliyekuja kuulizia karatasi za mama yake, aliyezaliwa Burundi. Spesioza alisogea kumpa nafasi kwenye benchi, wakagawana karanga. Alisema hii ni mara yake ya tano. Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja umri wake.

Saa tano ikafika zamu yake. Afisa alikuwa binti mwenye miwani, Consolatha kwa jina la kifuani. Alipekua bahasha, akauliza barua ya mdhamini iko wapi. Mdhamini hakuwepo, misheni ilikwisha ondoka, na aliyekuwa akitafuta njia kila mara amezikwa Tura. Fomu zenyewe siku hizi zinajazwa mtandaoni, na za kwake hazikuwa zimejazwa. Ilimjia Mama Bigita kwa mara ya kwanza kwamba binti huyu, ambaye pengine alimpokea yeye mwenyewe duniani, anaweza kusema hapana, na kwamba atakuwa na haki.

"Kwa nini unataka kuendelea kukaa nchini?" Consolatha aliuliza. Lilikuwa swali la fomu tu.

"Nimehudumia hospitali kwa miaka..."

"Hiyo imepita, mama. Sasa hivi. Kwa nini?"

Foleni yote ilikuwa nyuma yake. Aliangalia meza.

"Mimi ni mgeni hapa," alisema, "na sina kwingine. Naomba."

Consolatha aliandika. Akamwelekeza kwa kijana wa steshenari wa kujaza fomu, akamwambia atafute raia wa kumdhamini, na arudi Alhamisi. Alhamisi akarudi. Akarudi na Jumatatu. Barua ya udhamini iliandikwa na Levina, mjane, mkulima wa Tura, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Maombi yakaenda Dodoma, ikapita Februari, ikapita nusu ya Machi, na usingizi ukamwisha. Tarehe ishirini na sita aliitwa dirishani akapewa kibali. Miaka miwili.

Alikuwa bado amesimama nje, juani, simu ilipolia. Namba hakuijua.

"Wewe mzigo!" ilisema sauti ya mzee Fikiri. "Nasikia wamekupa miaka miwili tu. Hata serikali imekuchoka."

Msibani alikimbia. Safari hii alikohoa, kama msichana anayejiandaa kuimba mbele ya kanisa.

"Miwili inanitosha, Mzaramo," akasema. "Nabaki nikuzike wewe. Nitakaa juu ya jeneza lako, na hawataninyanyua mpaka niseme yote."

Mzee Fikiri alicheka mpaka akapaliwa. Alicheka akamwita mkewe aje asikie, akacheka tena. Kisha akatulia, na kwa sauti nyingine kabisa akasema, "Alois angelia leo."

Lakini aliyekuwa ameshaanza kulia ni Mama Bigita.