Picha Moja, Kurasa Tisa

Ilikuwa saa nne asubuhi Mama Kifungo alipofungua tovuti ya karakana yao ya ushonaji ili aitupie jicho la mwisho, akakuta haina picha hata moja. Maneno yalikuwepo, bei zilikuwepo, hata namba ya simu ilikuwepo. Ila kila palipokuwa na shati au sketi palibaki kijisanduku cha kijivu, kitupu. Alizipitia kurasa zote kumi na nne kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo anaojua fika kwamba kaupoteza.

Saa nane mchana kamati ya shule ingekaa kuchagua nani ashone sare za wanafunzi wote. Walikuwa wamebaki mafundi wawili, na mwalimu mkuu alishasema kamati haina muda wa kuzunguka madukani. Wangeangalia kazi kwenye tovuti. Shangazi, mwenye karakana, naye alishasema lake. Sare zikipatikana, ile meza ya pembeni inakuwa ya kompyuta moja kwa moja, na Mama Kifungo anakuwa na kazi yake inayoeleweka. Zisipopatikana, meza inarudi kuwa ya pasi, na yeye anarudi kushikiza vifungo.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, tena alilifanya huku akijipongeza. Pale karakanani fundi akitaka kukata nguo huchora karatasi yake, na kitambaa kikishakatwa karatasi ile huchanwa, asije mwingine akaiokota akakatia vipimo visivyo vyake. Mama Kifungo alikuwa amezoea usafi huo. Basi jana, alipomaliza kupanga picha kwenye kurasa, aliingia kwenye ghala la picha la tovuti, akafuta zote, na pipa la taka akalimwaga. Kwenye simu alishazifuta zamani ili apate nafasi ya picha za mwanawe. Alidhani kila ukurasa umeshachukua picha yake. Kumbe ulichochukua ni kiungo tu, uzi wa kwenda ghalani. Somo hilo lilifundishwa kwenye darasa lake la jioni la kutengeneza tovuti, siku ambayo mtoto alikuwa na homa, na yeye hakwenda.

Aliona heri aseme kabla hajaulizwa. Shangazi alikuwa anakata bitana, mkasi haukusimama hadi neno la mwisho. Fundi Kola, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kola, alinyoosha shingo akaitazama kompyuta.

"Pamekuwa peupe kama kichwa changu," alisema.

Shangazi hakucheka. Alivuta kiti akaketi, akauliza taratibu, "Kwa hiyo ukurasa wenyewe hauna picha?"

"Hauna, Shangazi. Unaazima ghalani. Kurasa tisa zilikuwa zinaazima shati lile lile moja."

Shangazi aligeuka akatazama ukutani, kwenye msumari zilipotungikwa karatasi zake nene za kahawia, zile ambazo mafundi wote huzifuatisha wanapochora za kwao. "Zile umewahi kuniona nikizichana?"

"Hapana."

"Basi wewe umechana za msumarini, mwanangu." Alisimama, akajipangusa nyuzi mapajani. "Nguo zenyewe si zipo? Lete simu."

Wakaanza upya. Fundi Kola alipiga pasi, Shangazi akatandaza shuka jeupe karibu na dirisha, Mama Kifungo akapiga picha: shati, sketi, kaptula, sweta. Kila picha aliipa jina kabla ya kuipandisha ghalani, kisha akarudi kwenye kurasa na kuunganisha kila kisanduku na jina lake. Mwanawe wa miaka mitatu, aliyepata jina la Kifungo kwa kutambaa chini ya vyerehani akiokota vifungo, alikuwa mvunguni mwa meza akifanya kazi yake ile ile. Ilipofika saa saba, tovuti ilikuwa imejaa tena, na Mama Kifungo akakumbuka kwamba hajanywa hata chai.

Saa saba na nusu simu ililia, Shangazi akapokea. Alikuwa mwalimu mkuu. Alisema ameshaipitia kazi yao na imempendeza, ila shati lina kola ya ncha, na kamati inataka ya duara. Je, wanaweza kuiona kabla hawajakaa?

Shangazi aliziba simu kwa kiganja. "Kurasa tisa. Nusu saa. Nimwambie nini?"

"Mwambie ataiona," alisema Mama Kifungo. "Sigusi kurasa. Nabadilisha moja tu, ile ya msumarini."

Lakini kola ya duara ilikuwa wapi? Fundi Kola alikohoa, akanyoosha kidole mvunguni. Shati alilovaa Kifungo alilishona yeye kwa mabaki ya kitambaa cha sare, na kola yake ilikuwa duara kama sahani. Walimtoa, wakamfuta mdomo, wakamsimamisha mbele ya shuka. Alikataa kutoa kidole gumba kinywani. Mama yake akapiga hivyo hivyo.

Aliipandisha picha ghalani mahali pa ile ya zamani, kwa jina lile lile, akafungua kurasa. Wa kwanza, Kifungo. Wa pili, Kifungo. Zote tisa, kola ya duara na kidole kinywani.

"Mpaka kwenye ukurasa wa anwani yupo," alisema Fundi Kola. "Wateja watadhani huyu ndiye bosi."

"Kwani siye?" akajibu Shangazi.

Simu ilirudi saa tisa na robo. Shangazi aliitikia "ndiyo" mara nne, akashukuru, akakata. Kamati ilicheka sana, alisema, halafu wakaanza kubishana kuhusu kola, si kuhusu fundi. Jumatatu wapeleke sampuli za saizi tatu, na yule fundi mwingine ameshaambiwa asisumbuke.

Mama Kifungo alimpakata mwanawe, akambusu utosini penye harufu ya pasi na vumbi la chaki. Shangazi alichukua nyundo, akapigilia msumari mpya juu ya meza ya kompyuta.

"Zile picha zako zinaweza kukaa kwenye kitu cha kutungika?"

"Kwenye flashi, Shangazi. Ina kamba yake."

"Itungike hapa. Na hii," alisema, "haichanwi."