Jiko la Bi Kanta Mkiani mwa VC10

Asubuhi moja ya Machi 1968, ndege ya VC10 ilipotua London ikitoka Nairobi, Beryl Tranter, mhudumu wa daraja la pili, alikuwa nyuma kabisa ya ndege akikusanya vikombe. Abiria walikwisha kushuka, isipokuwa Bi Kantaben Vadgama wa Kisumu, ambaye wote walimwita Bi Kanta, aliyeketi dirishani na mkoba mapajani. Pasipoti yake ilikuwa ya Uingereza, ya buluu, lakini sheria mpya ilisema rangi hiyo peke yake haitoshi. London walimkataa. Nairobi nako kibali chake kilikuwa kimekwisha, wakamkataa vilevile. Basi ndege ikawa inampeleka na kumrudisha.

Asubuhi hiyo ndipo Beryl alipoona kizingiti. Kilikuwa cha saruji, kimepakwa rangi nyekundu, na kilikuwa kimeota katikati ya njia ya abiria.

"Kilikuwa mlangoni kwangu Kisumu," Bi Kanta alisema. "Pita tu, binti."

Bwana Pascoe, mkuu wa wahudumu, alikitazama akashusha pumzi. "Angalia usijikwae na chai ya watu," akamwambia Beryl.

Safari iliyofuata ukaja ukuta wa chokaa, kisha jiko lenye masufuria ya shaba na dirisha lake, mwisho chumba cha kulala. Kapteni Lidgate alitoka chumba cha marubani kuja kukagua.

"Tukiwa tunaruka, mama, jiko lizimwe."

"Kwani mimi mtoto? Najua."

Kapteni akarudi kwenye usukani akiwa ameridhika. Ndege yenyewe ilikuwa na injini nne mkiani, iliundwa kwa ajili ya viwanja vya ndege vya nchi za joto na vya milimani. Nyumba ya vyumba viwili haikuisumbua. Abiria walizoea kuvua viatu kizingitini. Mzee mmoja wa daraja la kwanza alilalamika kwamba nyama yake inanukia bizari, halafu akaomba aongezewe.

Mume wa Bi Kanta, Ramniklal, alikuwa ametangulia Uingereza kabla ya sheria kupita, akapata kazi katika kiwanda cha soksi huko Leicester. Kila ndege hiyo ilipotua, alikuwa amesimama juu ya paa la jengo la uwanja wa ndege, penye watazamaji wa ndege, koti limefungwa hadi shingoni. Bi Kanta alifungua dirisha la jiko akaanika nguo kwenye kamba iliyokwenda hadi mkiani.

"Umekula?" aliita.

"Nimekula!"

"Mwongo! Naliona koti linavyokupwaya!"

Beryl aliyasikia hayo safari baada ya safari, hadi siku moja akashuka mwenyewe kumfuata Bwana Ormerod, afisa wa uhamiaji, akamleta ndani. Ormerod alivua viatu. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, naye akaificha chini ya nyingine.

"Hii ni nyumba," Beryl alisema. "Iko ndani ya ndege ya Uingereza. Basi huyu mama tayari anaishi Uingereza."

Ormerod alifikiri kwa haki kabisa. Bi Kanta akampa chai ya tangawizi, akainywa, akaomba ya pili.

"Ikiwa angani ni Uingereza," alisema hatimaye. "Ikishatua, inabidi aingie nchini kwa kibali."

"Sasa nami nikae angani siku zote?" Bi Kanta aliuliza.

"Mimi sikusema hivyo, mama. Chai yako nzuri sana." Akagonga muhuri wa kumkataa, taratibu, asije akaumwaga mchuzi uliokuwa mezani.

Beryl alimsindikiza hadi chini ya ngazi bila kumuaga. Kisha akapanda juu ya paa akamkuta Ramniklal.

"Baba, acha kusimama kwenye upepo. Kata tiketi."

"Ya kwenda wapi?"

"Popote inakokwenda ile."

Likizo ya kiwanda ilipofika, Ramniklal alipanda. Alipita viti vyote bila kutazama namba, akavua viatu, akasimama kizingitini kama mgeni.

"Ingia basi, unaingiza baridi," mkewe alisema, akamshika mkono akaufunga mlango. Beryl alibaki nje na trei mbili za chakula. Aliwasikia wakigombana kuhusu chumvi, kisha kimya. Hakubisha hodi.

Nairobi hawakushuka. Waliporudi London, Ramniklal alipanga foleni pamoja na wengine.

"Ulikuwa wapi?" Bwana Ormerod alimuuliza.

"Nyumbani kwangu."

Ormerod akamgongea muhuri apite. Halafu akachukua muhuri mwingine, si ule wa kukataa, akaelekea kwenye ndege, na alipofika mlangoni akainama kufungua kamba za viatu.