Mlango Uliopigwa

Usingizi wa mchana una wazimu wake. Sikudhani, mimba ya miezi minane, presha imepanda, anajinyoosha kitandani amenuna, maana leo tena kliniki wamemwambia apunguze mawazo. Mawazo gani, jamani? Athumani mumewe hajawahi hata kumwinulia sauti! Anafumba macho kwa hasira, na kitanda kinakuwa barabara, na barabara haina mwisho, inapita katika mji ambao kila nyumba ni ile ile, na mbele yake anatembea kungwi, mfunda wari, amejitanda kanga, na ndani ya kanga hamna uso. Samahani, somo, maradhi yangu yametoka wapi? Kitendawili, anasema kungwi. Mimi naumwa, wewe unaleta vitendawili! Kitendawili. Haya, tega. Nyumba ndani ya nyumba ndani ya nyumba, mlango umepigwa mmoja, zote zimetikisika. Sijui. Basi nipe mji. Chukua, chukua na barabara yake! Mji unatoweka, unakuja mwingine vile vile, na kungwi anatega kile kile, anapewa mji, anatega tena, mpaka Sikudhani amechoka naye kabisa na imebaki nyumba moja tu. Ndani amekaa msichana mjamzito, jicho limevimba, na Sikudhani anamjua kwa picha ya ukutani kwao: ni Bi Mafunda, bibi yake, kabla hajawa bibi wa mtu. Tumboni mwake yumo mama, na ndani ya mama, dogo kuliko chembe ya mchanga, limo yai ambalo siku moja litakuwa Sikudhani. Kumbe! Bibi, mama, mimi! Alipigwa yeye, na mimi nilikuwemo! Umesahau mmoja, anasema kungwi, akilinyooshea kidole tumbo la Sikudhani. Mtoto anajikunyata humo. Weee, huyu hapana, huyu hamumpati! Nje viatu vya mwanamume vinakaribia. Simama, bibi, tuondoke. Niende wapi, dada, anajibu msichana, ndoa ni kuvumilia. Kuvumilia, kuvumilia! Mmevumilia nyinyi, presha nimeipata mimi! Sikudhani anaegemeza mgongo mlangoni, anakaza miguu, na mlango unagongwa.

Siku, fungua, ni mimi. Sauti ni ya Athumani, au ya babu aliyempiga bibi. Hajui, sauti ya babu hakuwahi kuisikia. Sakafu ni ya chumba chake, jua la alasiri ni la dirisha lake, lakini kitandani yupo yule msichana, analia kwa kwikwi. Fungua bwana, ni mimi mumeo.

Mume wa nani? anauliza Sikudhani, na hasogei.