Kizimba Kisafi cha Mwanamkuu

Watu wa Mtendeni, pale Tabora, walikuwa na imani yao kuhusu njiwa, na ole wake aliyejaribu kuwabishia. Walisema njiwa hakai kwenye nyumba ya ugomvi. Mume na mke wakianza kupayukiana, njiwa husikiliza siku ya kwanza, husikiliza siku ya pili, siku ya tatu huruka wote kwa pamoja wakatafuta paa la watu wenye adabu. Kwa hiyo nyumba ikihamwa na njiwa, majirani hawakuuliza kulikoni. Walijua, au walijidai wanajua, na habari ilifika sokoni kabla manyoya hayajatua chini.

Mwanamkuu binti Nassibu aliolewa na imani hiyo kama wenzake wanavyoolewa na kitanda na sufuria. Siku anatoka kwao, miaka ya mwisho ya Waingereza, baba yake alimkabidhi kapu lenye makinda manne ya njiwa ambayo hayajajua kuruka.

"Wafuge, mwanangu," alimwambia. "Wewe una mdomo kama mama yako. Siku utakapoona hawa wamehama, ujue mji mzima umeshakusema."

Kisha mzee akaenda zake kula pilau, akamwachia binti yake mzigo wa maisha. Mwanamkuu akafunga mdomo. Aliufunga karibu miaka ishirini.

Mumewe, Mabruki, alikuwa fundi cherehani, mashine yake iko barazani, tepu shingoni, na maneno matamu kwa kila mteja. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Mume mbaya unaweza kumpeleka kwa kadhi. Mabruki alikuwa mtu wa kusahau asichotaka kukumbuka na kusema kisichokuwepo, kwa sauti ya upole, huku akitunga uzi kwenye sindano. Aliwahi kumpa kaka yake sinia la shaba ambalo Mwanamkuu aliachiwa na mama yake, wala hakuuliza. Mwanamkuu alipoligundua hilo maneno yalimjaa kinywani kama maji ya kusukutua. Akatoka uani, akachukua ufagio, akapanda kigoda, akafagia kizimba cha njiwa.

Siku aliporudi na treni kutoka kumzika mama yake, Mabruki alisahau kwenda kumpokea. Alitembea kutoka stesheni na sanduku kichwani na macho yamevimba. Alipofika alifagia kizimba mpaka mikono ikafa ganzi. Ndiyo maana kizimba kile kilikuwa kisafi kuliko vyote Mtendeni. Watu walikuja kukitazama. Visanduku vya mbao vilipangwa chini ya upenu, kila jozi na chumba chake, hakuna kinyesi, hakuna utitiri, na njiwa wamenona wanang'aa shingo. Wasichana waliokaribia kuolewa waliletwa na shangazi zao waone nyumba yenye amani ilivyo. Hakuna aliyejua kwamba usafi ule wote ulikuwa hasira.

Jirani yake Sikuzani, aliyegombana na mumewe kila siku ya Mungu na sauti ikafika barabara ya pili, alikuwa akichungulia juu ya ukuta wa ua na kuguna.

"Shoga, mimi njiwa siwawezi. Kwa mdomo wangu huu watahama hata kuku."

Wote wawili wakacheka, kisha Sikuzani akarudi ndani kumalizia ugomvi wake. Ukweli ni kwamba Mwanamkuu alimwonea wivu mwanamke yule. Sikuzani alilala usingizi mzito kila siku.

Kuna usiku mmoja ambao ungemfungua macho, laiti angetaka. Usiku wa Uhuru ngoma zilipigwa Tabora nzima, watu wakapiga mayowe, vigelegele na madebe hadi alfajiri. Mwanamkuu alikesha uani akiwa na hakika kwamba asubuhi hatakuta hata unyoya. Asubuhi njiwa wote walikuwepo wakidai chakula. Alipomuuliza baba yake, mzee alifikiri kidogo tu. "Zile ni kelele za furaha," alisema. "Njiwa anazijua. Za ugomvi ndizo hawezi." Mwanamkuu akakubali, kwa sababu baba ni baba.

Katika njiwa wake wote alimpenda zaidi dume mmoja wa kijivu aliyemwita Karani. Njiwa wana utaratibu wao wa kuatamia. Jike hulala na mayai usiku kucha, na jua likishapanda dume huja kumpokea, akakaa mpaka alasiri. Karani hakuwahi kuchelewa kazini. Inyeshe mvua, liwake jua, alifika, akamsogeza mkewe taratibu kwa kifua, akaketi. Mwanamkuu alikuwa akimtazama huku akichambua mchele, akawaza kwamba angekuwa na mume wa namna ile asingehitaji ufagio.

Basi ukaja ule ukame wa miaka ya sabini. Mtama ukaadimika, watu wakapanga foleni ya unga wa yanga, ule wa njano, na amri ikatoka kwamba kila mtu wa mjini awe na shamba. Mabruki, ambaye hakuwahi kushika jembe isipokuwa kulisogeza apite, alipokea amri hiyo kwa moyo mkunjufu wa ajabu. Akapata kipande cha ardhi Ntalikwa. Kila Ijumaa baada ya swala alipanda baiskeli, akarudi Jumapili, baadaye Jumatatu, baadaye Jumanne. Mihogo aliyoleta ingeweza kukaa kwenye kofia yake.

"Ardhi ya kule ngumu, Mama Tatu," alisema. Tatu ni binti yao wa pekee, aliyeolewa Urambo. "Lakini taifa linatuhitaji."

Mwanamkuu alifagia kizimba.

Ijumaa moja alirudi kutoka foleni akakuta kisanduku kimoja kitupu. Hayupo Bibi Harusi, jike mweupe mwenye kifua cha kahawia, wala dume wake hayupo. Mabruki aliporudi akasema amewapeleka kwa balozi wa nyumba kumi wa kule Ntalikwa, iwe shukrani ya shamba. Mwanamkuu alitaka kumwambia kwamba njiwa mkubwa hapelekwi mahali, atarudi tu alikozaliwa, na kwamba anayempa mtu njiwa humpa makinda. Mwanamume amekaa na njiwa karibu miaka ishirini na hajui hata hilo. Lakini kusema kungezaa jibu, na jibu lingezaa neno, akachoka hata kabla ya kuanza.

Haikupita muda Bibi Harusi akatua kwenye paa. Alikuwa hoi, manyoya ya bawa moja yamekatikakatika, uzi mwekundu unaning'inia. Alikuwa amefungwa bawa asiruke, akaukata uzi kwa mdomo. Mwanamkuu alimshika amtoe uzi, na hapo akaona mguuni kitambaa kilichofungwa kama alama, kipande chembamba cha kijani chenye maua ya njano.

Kitambaa hicho alikijua. Kabla ya Idi alikiona mezani kwa Mabruki, akakishika, akakisifu, akaomba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ashonewe gauni. Mabruki alisema ni cha mteja wa Nzega, kimepimwa, hakibaki hata cha kufutia mikono. Mwanamkuu alisali Idi na gauni la zamani.

Hakufagia. Alikaa kwenye kigoda na njiwa mapajani mpaka jua likamhama. Kisha akakifundika kile kitambaa kwenye pindo la khanga.

Siku ya pili yake, Mabruki akiwa barazani, alimwambia anakwenda kumwona mgonjwa, akashika njia ya Ntalikwa kwa miguu. Alikwenda polepole, jua likimchoma utosini, na njia nzima hakupanga la kusema. Alikuwa amechoka sana hata kukasirika kulimshinda. Alipofika kijijini aliulizia shamba la Mabruki fundi, akaonyeshwa kwa kidole kama watu wanavyoonyesha jambo ambalo kila mtu analijua.

Ilikuwa nyumba mpya, nyasi za paa bado mbichi. Msichana aliyetoka, maana ukweli alikuwa msichana, alikuwa na mtoto mgongoni na gauni la kijani lenye maua ya njano. Alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Nyamizi. Karibu kivulini. Sisi tumehamishiwa hapa mwaka jana, bado hatuna hata mti." Alileta kigoda na maji, akasubiri mgeni anywe. "Mama umetokea wapi?"

"Mtendeni."

Uso wa Nyamizi ukachanua. "Basi wewe ni wifi! Baba wa huyu Shilinde wangu alisema mjini anakaa kwa dada yake, mjane, mwenye njiwa. Alisema dada yake hapendi wageni, ndiyo maana sijaja kukusalimu. Nisamehe, wifi. Na njiwa wako mmoja amenikimbia, nimekosa usingizi kwa aibu."

Mwanamkuu alikuwa na maji kinywani. Alichukua muda mrefu kuyameza. Mjane. Aliutazama uso ule usio na hila hata chembe, akamtazama na mtoto, mwenye masikio ya Mabruki yaliyosimama. Angeweza kumaliza furaha ya yule binti kwa neno moja. Lakini aliona atakayeumia si yule mwenye kosa, na nguvu za kumuumiza mtoto wa watu hakuwa nazo.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ndiye mwenye njiwa."

Nyamizi alimletea yule dume aliyebaki, amefungwa bawa ndani ya tenga, hali wala hanywi. Mwanamkuu alimtoa, akamfungua uzi kwa meno.

"Huyu hatatulia kwako hata umfunge mwaka mzima. Njiwa mkubwa ana kwao. Ukitaka kufuga, chukua makinda ambayo hayajaruka. Yakiruka mara ya kwanza juu ya paa hili, basi hapa ndipo kwao. Nitakuletea."

"Mungu akuzidishie, wifi."

Akamwachia yule njiwa aruke. Alizunguka mara moja juu ya kijiji, akaelekea mjini. Mwanamkuu akamfuata kwa miguu.

Alipofika nyumbani ilikuwa bado alasiri. Dume alishatangulia, yuko upenuni anamzunguka Bibi Harusi huku akinguruma. Mabruki alikuwa ameacha cherehani na kuja uani, amesimama chini yao na tepu shingoni, na kwa uso wake ilionekana ameshapata la kusema.

"Mama Tatu, unawaona njiwa wa balozi? Wamerudi wote. Mzee wa watu atasikitika. Ijumaa itabidi niwarudishe."

Alilisema kwa ule upole wake. Mwanamkuu alikwenda ukutani akachukua ufagio. Akapanda kigoda. Akatazama ndani ya kizimba na akakuta hakuna cha kufagia. Mbao zilikuwa safi, zimeparwa na mkono wake mwenyewe mpaka zimepungua unene. Alisimama hapo na ufagio hewani, miguu inamuuma kwa njia ya Ntalikwa, na hakuona kwa nini auteremshe.

Akautupa.

"Balozi gani, Mabruki? Balozi gani anayevaa gauni la kijani?"

Sauti hiyo hakuijua. Ilitoka chini kabisa, na ikishatoka haikutaka kurudi. Alimwambia habari za Nyamizi, za mtoto, za kitambaa, akakifundua na kumtupia kifuani. "Mimi mjane? Umenizika mimi, au umejizika mwenyewe?" Mabruki alirudi nyuma, mikono mbele, anasema "majirani, Mama Tatu, majirani," na kila akisema majirani Mwanamkuu akapandisha sauti. Njiwa waliruka wote kwa kishindo. Kichwa cha Sikuzani kikachomoza juu ya ukuta, mdomo wazi.

"Njiwa, Mama Tatu!" Mabruki alilia, akielekeza juu. "Watahama!"

Mwanamkuu akanyamaza, kwa mazoea tu. Akainua macho. Njiwa walizunguka juu ya paa, wakazunguka tena, kisha mmoja akashuka, akashuka wa pili, na punde wote walikuwa upenuni wanapanga manyoya na kusukumana kama kawaida yao. Ndani ya kisanduku chake Karani alikuwa juu ya mayai. Hakuwa ametoka. Muda wote ule wa mayowe hakuwa ameinuka. Zamu yake ilikuwa haijaisha, na alimtazama Mwanamkuu kwa jicho lake moja la rangi ya chungwa, bila kujali hata kidogo.

Alikaa chini kwenye vumbi la ua, akalia. Mabruki hakuwa na sehemu katika kilio kile. Alililia sinia la mama yake, akaililia njia ya kutoka stesheni na sanduku kichwani, akayalilia maneno yote aliyoyameza kwa ajili ya ndege ambao hawakuwahi kumsikiliza.

Mabruki alipoona machozi alidhani maneno yamekwisha. Akajongea, akasema kwa upole, "Sasa tuingie ndani, mke wangu."

Mwanamkuu akapenga kamasi kwa pindo la khanga. Akainuka, akajipangusa vumbi, akamgeukia Sikuzani pale ukutani na kumwambia atafute kitu cha kukalia. Kisha akaanza upya, taratibu, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.