Mwali wa Jiwe

Kapteni wa jeshi alilipia sinema nzima ya Tororo, onyesho la wanawake la Jumatano, ili mchumba wake Madina afurahi kabla ya nikaha. Mchumba! Mtoto wa kaka yangu, aliyeacha shule juzi tu, na huyo bwana alimwona mara moja akianika nguo uani.

Mwenye sinema alifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake mwaka wa sabini na mbili, akaacha filamu zake kabatini. Mwaka wa nne huo tulikuwa tunaonyeshwa zilezile, zimejaa mikwaruzo. Siku hiyo wakaweka ya binti mfalme aliyegeuzwa jiwe. Utotoni nilikuwa nalia nikiitazama filamu ile. Mwanamfalme anapita bustanini, anaona sanamu, anaipenda, anaoa jiwe. Siku ya harusi jiwe linafumbua macho na kutabasamu, na ukumbi mzima vigelegele.

Safari hii nilikaa ubavuni mwa Madina nikaitazama vizuri. Wallahi, yule binti hasemi neno. Filamu nzima! Anabebwa, anapambwa, anavishwa pete, na hata akishapata uhai hakuna anayemuuliza hata jina lake. Hasira zikanipanda.

"Mbona huyu haulizwi?" nikasema kwa sauti.

"Kulusumu, tuache tutazame," akanikemea jirani yangu Norah kutoka nyuma.

Kilichonipeleka pale hakikuwa filamu. Askari wa Kapteni walikuwa wamebaki mlango wa mbele, kwa kuwa wanaume hawaingii onyesho la wanawake. Mlango wa nyuma alisubiri Oguttu, kijana wa kuvusha watu mpakani, na baiskeli yake, ampitishe Madina njia za panya mpaka Busia ya Kenya, kwa dada yangu Hajarah.

"Toka sasa," nikamnong'oneza Madina.

"Na baba?"

Kaka yangu Mutwalibu alikuwa dereva wa lori. Askari walimchukua barabarani, wakasema kabeba kahawa ya magendo, na tangu hapo hatukumwona. Kapteni alituahidi kwamba nikaha ikishapita, baba mkwe wake atarudi nyumbani.

"Nikitoroka watamuua, shangazi. Siendi." Alikuwa analia hata mtandio umelowa. Nikatoka nyuma, nikamwambia Oguttu aende zake.

Kesho yake nyumba ilijaa. Wanaume walikaa barazani na Kapteni, sisi wanawake chumbani na bibi harusi. Kwetu mashahidi humwendea mwali kumuuliza kama amekubali, naye akinyamaza huhesabiwa amekubali. Ndivyo nilivyoolewa mimi, kichwa chini, mdomo umefungwa. Hakuna aliyetarajia Madina aseme kitu.

Wakaingia mashahidi wawili pamoja na Swaliki, mdogo wake Mutwalibu.

"Madina, mwanangu, umekubali nikuozeshe kwa Kapteni?"

Madina akainua kichwa. "Baba mdogo, wa kuniozesha ni baba. Yuko wapi?"

"Kapteni amesema nisimame mimi."

"Baba ndiye aliyekutuma?"

Swaliki akatazama mkeka.

"Umemwona? Umesikia hata sauti yake? Kama baba yangu yu hai, mbona unaniozesha wewe?"

Swaliki akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake, mbele za wanawake. Hapo sote tukajua. Jamani, kaka yangu! Kapteni alikuwa ametuahidi maiti.

Shahidi mmoja, mzee Muhamadi, akamwinamia Madina. "Mjukuu wangu, wewe nyamaza tu. Nyamaza, tutoke salama hapa."

"Sitaki!" Madina akapaza sauti. "Mnanisikia huko nje? Sitaki!"

Barazani mazungumzo yakakatika. Nikasikia viti vikisukumwa, kisha buti zikija. Nikamshika Madina mkono, nikamburuta jikoni, nikafungua mlango wa nyuma. Uani hakukuwa na mtu.

"Oguttu yuko wapi na baiskeli?" akaniuliza.

"Nilimrudisha jana."

Akavua viatu vya harusi, akavitupa, tukaanza kukimbia.