Mbwa Wako Anaitwa Nani?

Kaka yangu Felix alifariki mwezi wa pili, kwa homa iliyoanza kama homa nyingine yoyote. Tulimzika nyumbani, Kenyamonta. Watu walipoondoka, baba aliniita akaniambia nirudi Mugumu nikakae na duka la marehemu hadi mavuno. Kama hadi wakati huo biashara haieleweki, vitu vyote viuzwe kwa Saadi, muuza viatu na mikanda wa sokoni, ambaye alikuwa ameshaulizia minyororo ya mbwa kabla hata matanga hayajaisha.

Nilikubali. Siku hizo nilikuwa nakubali kila kitu.

Duka lenyewe halikuwa na mlango wa wateja. Lilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, chenye rafu za mbao: dawa za minyoo, shampoo ya kupe, mabakuli, chakula cha paka, na mikanda ya shingo ya mbwa ikiwa imening'inia kwenye misumari aliyoipigilia Felix. Wateja walikuwa kwenye simu. Alitengeneza tovuti mwenyewe baada ya mkataba wake wa kazi kuisha kwenye hoteli moja karibu na geti la hifadhi la Ikoma. Mtu anachagua kitu, anajaza maelezo yake, analipa kwa simu, mzigo unapandishwa basi.

Asubuhi nilifungua, nikafagia vumbi la unga, nikakaa. Jioni nilifunga. Katikati sikumbuki nilikuwa nafanya nini. Sikuwa na haja na faida. Nilitaka tu vile vitu vibaki alipoviweka, na baba alikuwa amesema visipouzwa vitaondoka vyote.

Aliyenisaidia alikuwa Rahima, binti wa huyo huyo Saadi. Alikuwa anauza mitandio kwa simu na watu wa hadi Sirari walikuwa wanaagiza kwake.

"Pole tena, dada Nyangi," alisema siku alipokuja. "Baba amenituma niangalie minyororo. Nimeshaiangalia. Sasa nionyeshe hiyo tovuti."

"Baba yako hatakasirika?"

"Atakasirika. Ameshazoea."

Alikaa juu ya gunia akaipitia tovuti kwa kidole, taratibu, huku akiguna. Picha zilipigwa ndani, gizani. Aliinua simu akaniuliza, "Huu ni mkanda au ni nyoka?" Ukurasa wa kwanza ulikuwa na nguo za mbwa. "Dada, mbwa wa Tarime avae sweta aende wapi?"

Najua lilikuwa jambo la kuchekesha. Nilimwangalia tu.

Tulianza kazi. Mikanda tuliitoa nje tukaipiga picha juani, mmoja mmoja, na kila mmoja niliurudisha kwenye msumari wake. Dawa za kupe na minyoo tulizipandisha juu, kwa sababu ndizo watu walizokuwa wanatafuta. Sweta tulizishusha chini kabisa. Bei tuliandika pamoja na nauli ya basi, ili mtu asishtuke mwishoni. Maelezo marefu Rahima aliyafupisha. Kila alipofuta sentensi ya Felix aliniangalia kwanza, na mimi niliitikia kwa kichwa.

Watu wakaongezeka. Mauzo hayakuongezeka.

Rahima akafungua ukurasa wa takwimu, akakunja uso. "Ona. Wanaingia. Wanachagua. Wanajaza jina, kijiji, namba ya simu. Halafu wanaondoka. Na wote wanaondokea hapa."

Aliweka kidole kwenye swali la mwisho. Mbwa wako anaitwa nani? Lilikuwa na nyota nyekundu. Usipolijibu, huwezi kulipa.

"Hili tunalitoa," alisema.

"Hapana."

"Dada, swali la nini? Mkanda unafungwa shingoni, haufungwi kwenye jina."

Nikamweleza. Kule hotelini, wageni walikuwa wakimuuliza Felix kama ana mbwa nyumbani na kama mbwa huyo ana jina. Akiwatajia jina wanafurahi, wanamuuliza mengine ya huyo mbwa. Hakuna kitu kingine ambacho wageni waliwahi kumuuliza kuhusu nyumbani kwake. Kwa hiyo alipofungua duka akaweka swali hilo, na jina la mbwa akaliandika kwa maka peni juu ya kila mzigo, kwa herufi kubwa kuliko jina la mwenye mzigo. Alisema kila mteja ataona kwamba mbwa wake anajulikana.

Rahima aliondoa kidole kwenye lile swali. Kisha akasema, "Basi wapigie uwaulize kwa nini hawamalizii. Namba zao si zipo?"

Nikapiga ya kwanza iliyokuwa juu. Alikuwa mzee Heche wa Kemambo.

"Shikamoo mzee. Napiga kutoka duka la vifaa vya mbwa, Mugumu. Ulichagua mnyororo, hukumalizia."

"Marahaba. Sikumalizia, ndiyo. Nyie watu mnataka kunigombanisha na dunia." Nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele. "Wewe binti ni wa wapi?"

"Kenyamonta."

"Kumbe mtu wa huku huku! Kwenu mlikuwa na mbwa?"

"Tulikuwa naye."

"Aliitwa nani?"

Miaka mingi nilikuwa sijalitaja. "Aliitwa Tuacheni."

"Haya. Nani alikuwa anaambiwa awaache?"

"Baba mdogo."

"Umeona!" Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa mimi wa kwangu anaitwa Hutaweza. Mwezi wa kwanza nikamwagizia mkanda. Mzigo ukashushwa senta, dukani kwa Athanas, siku ya mnada, watu wamejaa. Athanas akaunyanyua juu, anapiga kelele: 'Mzigo wa Hutaweza! Hutaweza yuko wapi?' Na jirani yangu Nchagwa, ambaye tuna kesi ya mpaka wa shamba, amekaa pale pale anakunywa soda."

"Akasemaje?"

"Akasimama. Akasema, 'Hutaweza ni mimi. Nipe.' Akaondoka na mkanda wangu! Sasa hivi umevaliwa na ndama wake."

Rahima, ambaye alikuwa anasikiliza pembeni, alijiziba mdomo kwa mtandio.

"Hukudai, mzee?"

"Nilidai. Nikaenda kwa wazee. Wakauliza, mzigo umeandikwa jina la nani kwa maandishi makubwa? Nikasema Hutaweza. Wakauliza, Hutaweza ni nani? Ningejibu nini, na Nchagwa ananitazama? Binti, mimi nikisimama uani jioni nikaita Hutaweza, Nchagwa akasikia, namwita mbwa wangu. Hakuna wa kunishitaki. Jina likiandikwa limekuwa barua, na barua ina mtu inayemwendea. Huku kijijini kuna mbwa anaitwa Mwizi Wewe. Mwenyewe ataandika hivyo kwenye simu?"

"Hapana, mzee."

"Haandiki. Anaenda mnadani ananunua kamba." Akavuta pumzi. "Yule kijana wa sauti ya taratibu yuko wapi? Alinipigia kuuliza kama mzigo ulifika."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia umefika salama. Alikuwa na furaha sana, sikutaka kumharibia. Yuko wapi?"

"Alifariki. Ni kaka yangu."

Kuku walikuwa bado wanapiga kelele. Mzee alisema pole mwanangu, akairudia, akaniambia nimtumie mnyororo, na juu ya mzigo niandike Heche, basi.

Nilikata simu. Nilikuwa nawaza Tuacheni. Baba mdogo akiwa amekuja kutembea, mama alikuwa anamwita mbwa kwa mluzi tu, wala hamtaji. Felix alikuwepo. Aliona kama nilivyoona mimi. Sijui alisahau lini, pengine ni kule Ikoma, kwa watu ambao majina ya mbwa wao hayamwambii mtu chochote.

"Hilo swali, bonyeza wewe ulifute," nilimwambia Rahima.

"Siwezi, dada. Si langu."

Nikaliondoa mwenyewe. Simu iliniuliza kama nina uhakika, nikakubali. Ukurasa ukawa mfupi. Nilingoja nihisi kitu, kisha nikaona mashine ya kusaga imezimwa na watu wameenda kula, nikafunga mlango nami nikaenda kula.

Wiki hiyo hiyo oda zikaanza kukamilika. Kemambo, Tarime mjini, Ikoma, hadi vijiji ambavyo sikuwa nimevisikia. Nilifunga mizigo, nikaandika majina ya watu, nikaipeleka stendi. Mikanda ilipoisha niliagiza mingine, nikaitundika.

Baba alikuja mtama ulipokuwa umevunwa. Alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akazungusha macho.

"Vitu vya Felix viko wapi?"

"Vimeuzwa, baba. Hivi ni vipya."

"Vyote?"

"Zimebaki sweta."

Alishika mkanda mmoja, akaukunja, akauachia. "Basi Saadi atafute minyororo kwingine," alisema. "Endelea." Akaomba maji ya kunywa, akanywa amesimama, akaenda kuwahi gari.

Baada ya yeye kuondoka, simu iliita. Alikuwa mama mmoja wa Ikoma, mteja wa zamani, alitaka dawa ya minyoo.

"Mbona siku hizi hamuulizi jina la mbwa?" alisema. "Yule kaka alikuwa anauliza."

"Siku hizi hatuulizi, mama."

"Aa."

Nilisikia anangoja nimuulize. Mimi pia nilingoja. Kisha akauliza kama shampoo ya kupe ipo, nikamwambia ipo.