Mswada wa Mashemeji

Katika eneo bunge zima hakuna aliyekuwa na msimamo kama mbunge wao, mama aliyeitwa Mheshimiwa Wangu. Asubuhi alikuwa nao mmoja, na jioni ikifika anayo miwili.

Mswada uliomsumbua ulisema mjane asiolewe tena bila ruhusa ya shemeji zake. Mwanamume aliyefiwa, huyo aoe hata matanga hayajaisha! Wangu aliuona upuzi mtupu, tena dada yake Shiru, mjane wa Naivasha, alikuwa ameshaposwa. Lakini wazee wa Mai Mahiu, ambao ndio waliompa kiti, walikuwa wameapa: akiupinga, arudi nyumbani akapalilie viazi.

Akapata ujanja. Bungeni kura ingepigwa kwa sauti, watu wakipayuka pamoja, nani angejua? Spika alipowaita wanaopinga, Wangu alimfikiria Shiru akiwabembeleza wale shemeji walevi, akapiga ukelele mpaka jirani yake akaziba sikio. Mswada ukaanguka.

Jumamosi wazee walimngoja Mai Mahiu.

“Wazee wangu,” akasema kwa uso wa matanga, “niliunga mkono mpaka koo likakauka. Tulizidiwa tu.”

Mwenyekiti wao, Mzee Mathenge, akacheka ndani ya ndevu. “Mama, tulikuwa tunasikiliza redio. Wenzako wote waliopinga walisema ‘La’. Ni mama gani mwingine huko, mwenye ulimi wa kwetu, aliyepayuka ‘Raaa’?”

“Si mimi, wazee!” Wangu akaruka. “Ra hasha!”